Kuuliza Upepo

Jioni nilipofika Maloja nilimwaga mizigo yangu yote sakafuni nikaanza kuipanga upya. Shogi la kushoto lilikuwa limelizidi la kulia, na mchana kutwa, nilipokuwa nikipanda zile kona kali zinazotoka Casaccia, baiskeli ilinivuta upande kama punda aliyepakiwa na mtu mwenye haraka. Nikatenga vizito na vyepesi. Spana, mnyororo wa akiba, jiko na makopo ya chakula vikaenda chini kabisa, nusu kulia, nusu kushoto. Nguo zikapanda juu. Mkate na koti la mvua vikabaki mahali ambapo mkono hufika bila kupapasa. Kisha nikainyanyua baiskeli kwa kiti, nikaitikisa, nikasikiliza, maana kitu kinachogonga usiku ndani ya shogi, kesho kitagonga njia nzima. Mabaharia wetu wana neno farumi, ule uzito unaolazwa chini ya jahazi ili lisipinduke, na wanajua kwamba chombo kilicholalia upande mmoja hakimsikii mshika usukani. Baiskeli ni vivyo hivyo.

Watu wakisikia nimezuru milima ya Uswisi kwa baiskeli, huniuliza habari za miguu. Haikuuma? Iliuma. Lakini miguu ni mtaji tu, ufundi uko kwingine. Uko kwenye mikono inayopakia, uko kwenye sikio linalosikia mnyororo ukilalamika, na zaidi ya yote uko kwenye ulimi unaojua kuuliza. Bonde lililonifundisha hilo la mwisho ni Engadin.

Engadin liko kusini mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Wenyeji huliita Engiadina, na mto wake, ambao ramani nyingi huuandika Inn, wao huuita En. Bonde linaanzia Maloja, mita 1,815 juu ya usawa wa bahari, na kwa upande wa Uswisi linaishia Martina, mita 1,035, mpakani mwa Austria. Katikati pana takriban kilomita 100. Maloja penyewe ni mahali pa ajabu. Ukitokea bonde la Bregaglia, kusini magharibi, unapanda ukuta. Unakata kona, unakata nyingine, halafu ukuta unakwisha ghafla, na ng'ambo yake hukuti mteremko. Unakuta tambarare na maziwa: Sils, Silvaplana, na mbele zaidi St. Moritz. Mvua inayonyesha nyuma yako huteremka Italia hadi Adriatiki. Inayonyesha mbele yako huingia En, ikafuata Danube, ikamwagika Bahari Nyeusi. Na huko juu yako, kwenye kipito cha Lunghin, yapo maji ya tatu yanayoshuka kuelekea mto Rhine na Bahari ya Kaskazini. Mahali pamoja panagawia bahari tatu.

Nilikuwa nimepanga kuondoka alfajiri, saa kumi na moja na nusu, na nilikuwa na sababu yangu. Mwaka uliotangulia nilishuka bonde la Rhone, magharibi mwa nchi hiyo hiyo, na bonde lile lilinichapa. Kila ilipopita saa sita mchana upepo ulipanda kutoka chini ukanikaba kifuani, hata mahali pa mteremko nikawa nanyonga baiskeli kama mtu anayepanda mlima. Nikajifunza kanuni: jua likiwaka, hewa ya miteremkoni hupata joto na kupaa, na bonde huvuta hewa nyingine kutoka chini kuja kujaza nafasi, basi anayeshuka na awahi asubuhi. Kanuni hiyo ni ya kweli, na vitabuni imo. Niliibeba hadi Maloja kama mtu aliyebeba ufunguo.

Mzee mwenye nyumba niliyolala alinikuta nikijaza chupa za maji. Akaniuliza ninakoelekea. Nikamwambia nashuka na mto, na nataka niondoke kabla upepo haujaamka. Akatua kuni alizokuwa amebeba.

"Upepo wa hapa unashuka," akasema, kwa Kijerumani cha taratibu ambacho hata mimi nilikipata. "Wewe lala. Toka saa tano."

Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Bregaglia ni bonde fupi lenye mwinuko mkali. Hewa yake ikipata joto hupanda kwa nguvu, na ikifika Maloja haikuti kilele cha kuizuia, kwa kuwa ng'ambo ni tambarare. Basi humwagika ndani ya Engadin na kuendelea kushuka pamoja na mto, kinyume cha mabonde mengine. Huo ndio Upepo wa Maloja, na wapanda mashua wa Silvaplana wanauhesabu kama sisi tunavyohesabu kusi na kaskazi. Kuna siku huja na wingu refu jembamba linalotambaa bondeni, juu ya maziwa. Watu wa huko huliita nyoka wa Maloja.

Nikamtii mzee. Saa tano nilipotoka, ziwa la Sils lilikuwa bado limetulia tuli. Nilipokaribia Silvaplana maji yalikuwa yameanza kukunjamana, na matanga yalikuwa yakipandishwa, moja, la pili, la tatu. Kisha nikausikia mgongoni. Kwanza koti lilijaa, halafu sauti ya hewa masikioni ikanyamaza, kwa sababu sasa mimi na upepo tulikuwa na mwendo mmoja. Nikapandisha gia, nikapandisha nyingine. Nilipita Samedan, nikapita Zuoz, na magurudumu yakiimba juu ya lami kwa nguvu ambayo haikutoka kwangu. Mabaharia wangesema nimepata upepo wa tezi. Wazee waliokwenda Uarabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi hawakuona aibu kukaa bandarini miezi mizima wakingoja. Mimi niliambiwa ningoje muda wa saa tano na nusu tu, na nilikaribia kukataa.

Kanuni ya Rhone haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya Rhone. Fundi huipeleka kanuni yake mahali papya, akaitua chini kama yule mzee alivyotua kuni, kisha akauliza hapa ikoje. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni. Juu ya baiskeli methali hiyo huingia mwilini, maana asiyeuliza hulipa kwa mapaja yake.

Mwendo wa baiskeli humpa mtu zawadi nyingine: humwezesha kusoma kuta. Sehemu ya juu ya Engadin, juu ya milango, nilisoma mara kwa mara neno "Chesa", likifuatwa na jina la ukoo. Chesa ni nyumba kwa Kiromanshi. Baada ya S-chanf njia huingia msituni, ikapita kijito kiitwacho Punt'Ota, mpaka wa kale kati ya Engadin ya Juu na Engadin ya Chini. Vijiji vilipoanza tena, kuta ziliandikwa "Chasa". Herufi moja. Juu ya kijito husemwa lahaja ya Putèr, chini yake Vallader. Mwenye gari hupita hapo na asione kitu. Mimi nilisimama, mguu mmoja chini, nikaitazama ile "a" na moyo ukanienda mbali, kwani nimetoka kwenye lugha ambayo mtu wa Unguja husema njia na mtu wa Mombasa akasema ndia, na wote wawili wakafika.

Wasemaji wa Kiromanshi ni makumi machache ya maelfu. Mwaka 1938 wapiga kura wa Uswisi walikikubali kuwa lugha ya nne ya taifa, na mwaka 1982 ikatengenezwa lugha sanifu ya maandishi kwa ajili ya mabonde yote. Sisi tulipitia njia kama hiyo ilipoundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Nami najua kwamba usanifu ni jambo jema, na najua pia kwamba bibi yangu hakuuacha usemi wake kwa sababu yake. Kuta za Engadin nazo zimebaki na usemi wake. Na kila niliyempita kwa mwendo wa baiskeli aliniamkia: "Allegra!" Ni salamu yenye furaha ndani yake. Nilijifunza kuiitika kabla sijajifunza kuomba mkate. Anayekwenda polepole kiasi cha kusalimiwa ameshapokelewa.

Zernez nilipita kwa adabu. Hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, ya kwanza katika milima yote ya Alps, na kwenye vijia vyake baiskeli haziruhusiwi. Niliiegemeza baiskeli ukutani, nikautazama msitu, nikaendelea. Na baada ya Zernez bonde lilibadilisha sheria. Upepo wa tezi ukafa, na kabla ya Susch ukaja mwingine, wa uso kwa uso, unaopanda kama ule wa Rhone. Bonde moja, mto mmoja, pepo mbili. Safari hii sikulalamika. Nilishusha gia, nikainama, nikapunguza mwendo.

Baada ya Lavin njia ya baiskeli huuacha mto ikapanda hadi Guarda, kijiji kilichokaa mita 1,653 juu ya usawa wa bahari kama kiota. Anayedhani kushuka na mto ni kushuka tu, hapo hurekebishwa. Nikamkumbuka fundi aliyenifundisha baiskeli Shinyanga, mji ambao baiskeli hubeba abiria kama teksi. Alikuwa akinyanyua gurudumu la nyuma la mteja, akalizungusha, akafumba macho. "Mnyororo unasema," aliniambia. "Ukinguruma, umeuonea. Ukinong'ona, uko sawa." Nikapanda Guarda kwa mnong'ono, gia nyepesi kabisa, mizunguko mingi midogo, nikipumua kwa pua. Miguu inayozunguka kwa wepesi huchelewa kuchoka kuliko ile inayosukuma kwa hasira.

Nyumba za Guarda zina kuta nene na madirisha madogo yaliyozama ndani, na milango mipana ambayo zamani gari la majani ya ng'ombe liliingia mzimamzima. Mapambo yake hayakupakwa, yamekwanguliwa. Fundi hupiga lipu ya rangi ya kijivu, juu yake akapaka chokaa nyeupe, na kabla haijakauka huikwangua kwa chuma chenye ncha mpaka kijivu kitokeze: nyota, mawimbi, maua, samaki. Ufundi huo huitwa sigrafito. Niliuweka mkono juu ya wimbi moja nikausikia ukingo wake kwa kidole. Mkono uliochonga haukuwa na nafasi ya kufuta.

Hapo ndipo gurudumu la mbele liliposhuka. Pancha. Nilivua tairi kando ya bomba la kijiji, ambalo maji yake hutiririka mchana na usiku kwenye birika refu la mti, na nikawa nimeshaushika mpira kuutumbukiza nione mapovu yanapotokea. Bibi mmoja akatoka mlangoni. "Allegra," nikamwamkia. Akaitika, kisha akatikisa kidole polepole na kunionyesha birika la pili, dogo, linalopokea maji yaliyokwisha kupita la kwanza. La kwanza ni la kunywa. Nikaelewa bila neno, nikaona haya, nikahamia la pili. Mapovu yakatoka karibu na vali, madogo kama chembe za mtama. Nikakausha, nikakwangua, nikapaka solusheni, nikangoja ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo nikabandika kiraka. Bibi alisimama hapo hadi nilipomaliza kupiga pampu, akaibonyeza tairi kwa dole gumba kama linavyobonyezwa papai sokoni, akaridhika.

Kutoka Ftan hadi Scuol barabara huporomoka karibu mita 400 kwa muda mfupi. Kushuka na mzigo ni ufundi kuliko kupanda. Breki ikishikwa mfululizo, ringi hupata moto, na ringi ya moto inaweza kupasua mpira. Hushikwa na kuachiwa, mbele na nyuma, kabla ya kona, si ndani yake, na jicho hutazama njia inakotokea. Nilisimama mara mbili kuzigusa ringi kwa mgongo wa mkono.

Scuol ni mji wa chemchemi za madini, na mabomba yake ya mtaani yana midomo miwili: mmoja hutoa maji ya kawaida, mwingine maji ya madini kutoka ardhini, yenye mchomo wa gesi na ladha ya chuma. Nilikunywa yote mawili. Chupa nilijaza ya kawaida, kwani mwenyeji niliyemuuliza aliniambia yale mengine ni ya kunywa pale pale.

Martina nilifika kesho yake adhuhuri. Nilikuwa nimekaa chini nikipangusa mnyororo alipotokea kijana kutoka upande wa Austria, baiskeli imeshiba mashogi, uso umeiva kwa jua. Anapanda hadi Maloja. Tuliulizana hali, tukatazamana mizigo kama wasafiri wanavyofanya, kisha akauliza, "Upepo ukoje huko juu?"

Nikaweka kitambaa chini. Nikamwambia huku chini asubiri mchana, utamsukuma. Akishavuka Punt'Ota, awahi asubuhi, mapema sana, kabla matanga ya Silvaplana hayajapandishwa.

"Lakini," nikamwambia, "ukifika huko, uliza tena."