Hamdani na Kijakazi: Watumwa Wawili Wasioondoka

Katika masimulizi ya utumwa tumezoea kumtafuta mtoro. Yeye ndiye shujaa: hutoroka usiku, huingia mwituni, na msomaji humwombea asikamatwe. Pwani yetu ina historia ya kutosha ya kumlisha shujaa huyo, kwani katika karne ya 19 watoro walijijengea vijiji vyao nyuma ya mwambao wa Kenya ya leo, Fuladoyo kikiwa miongoni mwao. Lakini riwaya mbili zilizoandikwa na wana wa Unguja zimetuwekea mbele mtu mwengine, aliye mgumu zaidi kumpenda: mtumwa aliyefunguliwa mlango, naye hatoki.

Wa kwanza ni Kijakazi wa Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad iliyochapishwa mwaka 1978. Jina lake ni la kuzingatia. Mjakazi ni mtumwa wa kike. Kijakazi ni huyo huyo, kapunguzwa. Mama huyu hakupewa jina, kapewa daraja. Anatumika kwa bwana shamba katika zama ambazo utumwa Unguja ulikwisha kufutwa kisheria tangu 1897. Mapinduzi ya 1964 yanafika, dunia iliyomzunguka inageuka, ilhali moyo wake bado uko kwa bwana wake. Shafi hamdhihaki, bali anamwonea huruma. Hata hivyo, riwaya inamtazama kama mtu aliyelala, anayehitaji kuamshwa. Maradhi yake yamo akilini, na dawa yake ni mwamko.

Wa pili ni Mzee Hamdani wa Abdulrazak Gurnah, katika Paradise ya 1994, riwaya ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ulimwengu wake ni pwani iliyotawaliwa na Wajerumani, katika miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Yusuf, mtoto wa miaka 12, amewekwa rehani na babake kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni. Katika nyumba ya tajiri mna bustani yenye ukuta, na bustanini yumo Hamdani, msema machache, akipalilia na kumwagilia. Bibi wa nyumba alikwisha kumpa uhuru wake zamani, naye akaukataa. Yusuf anapotaka kujua sababu, jibu la mzee, kwa muhtasari wangu, ni kwamba bibi yule alitaka kumzawadia kitu asichokimiliki. Watu wanaweza kumfunga mwenzao, kumuuza na kumtumikisha. Kile alichozaliwa nacho hawakukichukua. Basi watakirudishaje?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo asilokuwa nalo yule anayeisoma riwaya hii kwa Kiingereza. Katika lugha yetu ya zama hizo, vitu viwili anavyovipambanua Hamdani vilikuwa na majina mawili. Huru, aghalabu, alikuwa yule aliyewahi kuwa mtumwa kisha akaachwa. Uhuru wake ulikuwa na mtoaji, na mtoaji huyo hakuondoka maishani mwake, kwani hata baada ya hati kuandikwa sheria ya Kiislamu iliendelea kuwaunganisha wawili hao kwa fungamano la walaa. Mwungwana ni aliyezaliwa bila ya bwana. Wahenga wamesema wema hauozi. Na uhuru uliotolewa kwa wema nao hauozi, hubaki deni. Hamdani anakataa kuwa huru kwa sababu anajijua kuwa mwungwana. Wala hii si njozi ya mtunzi peke yake. Watu wa misafara waliovuka bara hadi Manyema, wengi wao wakiwa watumwa au waliopata kuwa watumwa, walijiita waungwana bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Je, huo ni ukinzani, au ni udhuru mzuri? Swali hili haifai kulikimbia. Kukataa kwa Hamdani hakumpunguzii tajiri hata pesa moja. Bustani inamea, maji yanatiririka, matunda yanaiva. Aliyesimama nje ya ukuta hawezi kumpambanua Hamdani na Kijakazi: wote wawili wako kazini, na hapana hata mmoja aliyeshika njia. Bwana yeyote angefurahi kuwa na mtumwa anayeamini kwamba uungwana wake umo kifuani na haudai chochote nje ya kifua hicho. Msomaji wa Shafi ana haki ya kuuliza: uungwana usioonekana unamfaa nani?

Gurnah naye ameliuliza, kwa kumweka Amina hatua chache kutoka bustanini. Amina aliibwa utotoni, akaokolewa na babake Khalil na kulelewa kama binti. Kisha akatolewa kwa Aziz pamoja na Khalil kwa ajili ya deni, na alipokua Aziz akamwoa. Ni yeye anayeitaja Jahanamu ndani ya nyumba yenye bustani kama Pepo. Maneno ya Hamdani, kwa uzuri wake wote, hayamfai kitu. Historia ya visiwa vyetu inalijua tundu hilo. Amri ya 1897 ya kufuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, na ilibidi wangoje hadi 1909. Amina hayuko visiwani, wala si suria, ni mke wa ndoa. Lakini hoja ni ile ile. Mwanamke akishahesabiwa kuwa wa ndani, hapana anayemuuliza tena kama anataka kukaa.

Khalil anathibitisha hayo kwa njia nyengine. Ndoa ya Amina ilimfungua kutoka katika deni, naye bado yumo dukani, amefungwa na aibu ya kufunguliwa kwa bei hiyo. Yusuf ndiye pekee anayekimbia, na tazameni anakimbilia wapi: anaufuata msafara wa askari wa Wajerumani. Mtoro wa riwaya hii anatoka kwa bwana mmoja na kwenda kumwandama mwengine mwenye bunduki. Gurnah hakutupa shujaa wa kumwombea.

Kwa maoni yangu, jibu la Hamdani ni miongoni mwa maneno mazito kabisa kuhusu utumwa yaliyotoka katika kalamu ya Mzanzibari, na Kasri ya Mwinyi Fuad haina linalolifikia. Shafi aliona mwamko kama kitu kinacholetwa kwa Kijakazi na wengine, na hapo, bila ya kukusudia, akakaribia kosa la bibi wa Hamdani: kumpa mtu kilicho chake. Lakini Shafi alijua jambo ambalo mzee wa bustani alilisahau, kwamba mtu hawi mwungwana peke yake huku jirani yake yumo kifungoni. Riwaya hizi zisomwe pamoja, moja iisahihishe nyengine.

Na washairi wetu wanalo la kuokota hapa. Uhuru tumeuimba sana, uhuru wenye tarehe na bendera. Uungwana tumeuachia adabu za barazani na mavazi ya Idi, kana kwamba neno hilo halikuwahi kuwa dai la mtu aliyenunuliwa sokoni. Atakayelirudisha katika shairi kwa maana ile ya Hamdani, na akamtia Amina ndani yake, atakuwa amefanya kazi ambayo riwaya zetu zimeianza tu.