Tembo wa Tabora: namna sarafu ya dhahabu ya 1916 inavyopimwa na kupewa bei

Mzee mmoja wa Robanda alifungua fundo la kitambaa mbele yangu, polepole, kama mtu afunguaye dawa. Ndani mlikuwa na sarafu moja ya njano iliyofifia. Nilikuwa nimeshamwamkia, naye alikuwa ameshaniuliza habari za nyumbani, kwa hiyo akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Mwanangu, hii ni dhahabu ya Mjerumani. Marehemu baba aliipata kule bomani. Niambie bei yake, ila uniambie kweli."

Niliishika kwa ukingo. Upande mmoja ulikuwa na taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na chini yake herufi T. Upande wa pili uliandikwa 20 HELLER ndani ya shada la majani. "Mzee wangu," nikamwambia, "ni ya Mjerumani kweli, na ilifuliwa Tabora. Lakini si dhahabu. Ni shaba ya njano, ile inayochanganywa na zinki." Aliinamisha kichwa, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Na ile ya dhahabu yenyewe, mtu angeijuaje?"

Robanda iko Wilaya ya Serengeti, ni mojawapo ya vijiji vitano vya hifadhi ya jamii ya wanyamapori ya Ikona, na magofu ya ngome ya Kijerumani ya Ikoma hayako mbali. Popote palipo na boma la Mjerumani, hapakosi habari za mali iliyofukiwa. Tena katika mkoa wa Mara dhahabu si hadithi. Wapo vijana wa Nyamongo na Buhemba wanaoweza kukutajia usafi wa dhahabu kabla mashine haijasema. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini kwa sarafu ya kale ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hatujafundishana, na humo ndimo tunamoibiwa.

Sarafu yenyewe

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za Waingereza zilizifunga bandari za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sarafu hazikuingia tena kutoka Ulaya, na serikali ilihitaji fedha za kulipa askari na wachuuzi. Kwanza zikachapwa noti za muda. Kisha, mwaka 1916, karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha kufulia sarafu. Za heller 5 na 20 zilifuliwa kwa shaba na shaba ya njano, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Ya rupia 15 ilifuliwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Singida.

Upande mmoja wa sarafu hiyo ya dhahabu kuna tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, 15 RUPIEN. Zilifuliwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Hatua ya kwanza: ni dhahabu?

Sarafu halali ya rupia 15 ina uzito wa takriban gramu 7.168, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Vipande hupishana kidogo kwa uzito kwa sababu vilifuliwa na mafundi wa reli, kwa vyuma vya reli. Lakini uzito peke yake hautoshi, maana mghushi naye ana mizani.

Kipimo cha kuaminika hakihitaji asidi wala kukwaruza. Chukua mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uitumbukize majini bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili.

Dhahabu ya karati 18 hutoa jibu la kati ya 15 na 16. Kwa sarafu ya gramu 7.17, mizani ya maji itasoma kati ya 0.45 na 0.48. Sarafu ya yule mzee ilipima gramu 11.2 kavu na 1.33 majini, na jibu lake ni 8.4, ambayo ndiyo shaba ya njano. Hesabu hii ya dakika tano ingewaepusha wengi na matapeli wanaozunguka vijijini na "rupia za Mjerumani" zilizopakwa rangi.

Hata jibu likiwa 15, kazi haijaisha. Sarafu ya tembo imeghushiwa sana, na wapo walioighushi kwa dhahabu halisi, maana faida yao iko kwenye sura na si kwenye metali. Hapo lazima uitazame kwa lenzi: herufi ziwe kali, uwanja wa sarafu usiwe na vinundu kama vya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, na ukingo usiwe na mstari wa kuunganishwa. Tazama pia nakshi iliyo upande wa tai, chini ya neno OSTAFRIKA. Katika aina moja ya chapa, mwisho wa nakshi hiyo uko chini ya herufi T, na katika nyingine uko chini ya herufi A ya kwanza. Aina moja ilitoa sarafu 9,803 na nyingine 6,395. Muuzaji asiyejua anauza aina ipi hajawa tayari kutaja bei.

Hatua ya pili: sakafu ya bei

Bei ya sarafu ya dhahabu ina sakafu, nayo ni thamani ya metali iliyomo. Gramu 7.168 zidisha kwa 0.750, unapata gramu 5.376 za dhahabu safi. Kama soko la madini linanunua gramu ya dhahabu safi kwa shilingi 300,000, kwa mfano, sakafu ni shilingi 1,612,800. Hesabu hiyo mchimbaji yeyote wa Tarime anaifanya kichwani.

Sasa linganisha na kitu kingine. Wakati ule rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20 za Ujerumani. Sarafu ya maki 20 iliyofuliwa Ulaya ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.168. Namba hiyo umeshaiona: ndiyo uzito mzima wa sarafu ya Tabora, pamoja na mchanganyiko wake. Maana yake ni kwamba aliyelipwa kwa tembo mwaka 1916 alipewa dhahabu pungufu kwa robo. Hata hivyo, leo sarafu ya kawaida ya maki 20 huuzwa karibu na bei ya dhahabu yake, na tembo wa Tabora akiwa katika hali nzuri hupigwa mnada kwa maelfu ya dola. Yenye dhahabu kidogo ndiyo yenye bei kubwa. Anayeipeleka kuyeyushwa anauza sakafu na kuitupa nyumba.

Hatua ya tatu: daraja

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa hali ya sarafu kilitoka Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi hiyo, akazipa alama kuanzia 1 hadi 70. Sarafu isiyotambulika isipokuwa kwa shida ni 1. Iliyotumika kiasi lakini sura yake yote inasomeka iko kati ya 20 na 45. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuzunguka mikononi. Kampuni za PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, hupokea sarafu, huithibitisha, huipa alama, na kuifunga katika kasha la plastiki lenye namba yake. Wajerumani wana ngazi zao za maneno, lakini mnunuzi mkubwa wa leo huuliza namba.

Kwa tembo wa Tabora, anza kutazama mahali palipoinuka: bega na nyonga ya tembo, sikio lake, na kifua cha tai. Hapo ndipo vidole na mifuko hula kwanza. Lakini uwe mwangalifu. Mashine ya karakana haikugandamiza kila sarafu kwa nguvu sawa, hivyo zipo zilizotoka na sura hafifu siku ileile zilipofuliwa. Mchakavu na aliyezaliwa dhaifu wanafanana kwa mbali. Tofauti yao ni mng'ao. Igeuzegeuze sarafu chini ya taa moja. Kama mwanga unazunguka juu yake kama upepo juu ya majani, hata pale sura ilipo hafifu, basi pale hapakuchakaa, palipigwa hafifu. Kama mahali palipoinuka pamekufa, rangi bapa isiyocheza, huo ni uchakavu.

Kisha tafuta majeraha. Wengi waliifanya sarafu hii kidani au bizimu, kwa hiyo kagua ukingo, hasa juu ya kichwa cha tembo na juu ya tai, uone kama pana alama ya kuchomelea au ya kusawazishwa kwa tupa. Jeraha kama hilo laweza kuondoa sehemu kubwa ya bei.

Jeraha baya kuliko yote ni lile tunalolitia wenyewe kwa nia njema: kuing'arisha. Majivu, mchanga laini, limau, dawa ya meno, vyote huacha mikwaruzo myembamba inayoonekana kwa lenzi mara moja. Kampuni za kupima huandika kwamba sarafu imesafishwa na hukataa kuipa namba kamili. Uchafu wa miaka 100 ni ushahidi. Ukiuondoa, hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Hatua ya nne: uadimu

Mfano wa wazi uko Marekani. Sarafu yao ya dola 20 ina uzito wa gramu 33.436, na dhahabu safi karibu gramu 30.1. Ile ya mwaka 1924 ilifuliwa kwa mamilioni, na iliyo katika hali ya kawaida huuzwa juu kidogo tu ya bei ya dhahabu. Ile ya mwaka 1933 ina uzito uleule, usafi uleule na sura ileile. Zilifuliwa 445,500, lakini serikali ya Rais Roosevelt ikasitisha matumizi ya dhahabu kama fedha, na karibu zote zikayeyushwa. Moja iliyobaki mikononi mwa mtu binafsi kihalali iliuzwa New York Juni 2021 kwa dola milioni 18.87. Kati ya hizo mbili, kilichobadilika ni idadi iliyosalia na wingi wa wanaoitaka.

Kwa hiyo, ukitafuta bei ya tembo wa Tabora, usitazame bei iliyoombwa na muuzaji. Tazama bei iliyolipwa mnadani, kwa aina ileile ya nakshi, kwa daraja lilelile, na ya miaka ya karibuni. Kisha urudi nyuma kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano, sarafu imetangazwa kwamba iliuzwa mnadani kwa dola 6,000. Mara nyingi humo mna ada ya mnunuzi, na ikiwa ni asilimia 20, nyundo iligonga kwenye 5,000. Muuzaji akikatwa kamisheni ya asilimia 10, hubaki 4,500, na bado hujatoa gharama ya kuipima, kuisafirisha na bima. Dalali anayekupa 3,500 papo hapo huenda si mwizi. Anayekupa bei ya soko la madini ndiye anayekunyonya. Na anayekuahidi mamia ya mamilioni ya shilingi, ila kwanza utoe "hela ya kuanzia", mpeleke polisi.

Neno kwa wenzangu wa Mara

Kabla hujauza, andika: nani aliipata, lini, wapi, imepita mikononi mwa nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na sarafu yenye historia iliyoandikwa humtuliza mnunuzi kuliko kiapo. Kabla ya kuipeleka nje ya nchi, uliza kwanza kwa wenye dhamana ya Mambo ya Kale. Na usichimbe kwenye magofu ya Ikoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimruhusu mtu kuchimbua mahali pa kale bila leseni, na ngome ikibomolewa hairudi.

Yule mzee aliifunga sarafu yake tena kwenye kitambaa. Nilimweleza kwamba ile ya heller 20 nayo ina wanunuzi, kwa makumi ya dola ikiwa nzuri, na kwamba ya kwake, ambayo haijawahi kuguswa na majivu wala limau, iko nzuri. Nawe ukikuta yako, ya shaba au ya dhahabu, ipime, iandike, na usiisugue.