Kufunga na Kufungua: Uhakiki wa Istilahi za Kiyoyozi cha Nyumba Nzima

Umetufikia mswada wa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza cha Kimarekani, kinachoeleza namna ya kufunga mtambo mmoja wa kupoza hewa ya nyumba nzima na kuuunganisha na umeme. Mfasiri amewaandikia mafundi wa Tabora, hasa wale wa Kanyenye, ambao kazi yao ya kila siku ni feni, friji na viyoyozi vya chumba kimoja kimoja. Mtambo wa nyumba nzima ni kitu adimu katika mitaa ile. Lakini umeme unaoua ni ule ule, na kwa sababu hiyo twaona kwamba tafsiri ya namna hii yastahili kuhakikiwa kwa ukali kuliko tafsiri ya hotuba au ya tangazo.

Kwanza lililo jema. Mfasiri amechagua neno kiyoyozi, akaacha kipoza hewa. Twamwafiki. Mashine hii ilipobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, haikukusudiwa kumstarehesha mtu yeyote. Ilikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya wapiga chapa. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa na Stuart Cramer mwaka 1906, naye alikuwa akishughulikia unyevu katika viwanda vya nguo. Jina linalotaja baridi peke yake husahau nusu ya kazi. Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam, aonaye maji yakichuruzika nyuma ya mashine, hahitaji kuelezwa jambo hili. Wa Tabora, ambako hewa ya Septemba ni kavu, huenda akahitaji.

"Kiyoyozi cha kati" hatukikubali. Mkazi wa Tabora analijua neno hilo kutokana na Reli ya Kati, iliyofika mjini kwake mwaka 1912, nayo huitwa hivyo kwa kuwa yapita katikati ya nchi. Atadhani kiyoyozi cha kati ni kile kisicho kikubwa wala kidogo, au kile kinachowekwa katikati ya nyumba, ilhali sehemu moja ya mtambo hukaa nje ya nyumba. Wala kuu haifai: Benki Kuu na Kamati Kuu zina mamlaka, mashine haina. Kiandikwe kiyoyozi cha nyumba nzima, basi.

Sasa tufikie neno lililotufanya tuandike. Katika mswada kitenzi kufunga kimetumika kwa maana nne: kusimika mtambo, kukaza skrubu, kuziba tundu, na kukamilisha saketi ili umeme upite. Maana hii ya mwisho ni ya vitabu vya fizikia, ambamo saketi iliyofungwa hupitisha umeme na saketi iliyo wazi haipitishi. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa hivyo na hujibu hivyo katika mtihani. Lakini nje ya darasa Kiswahili kimekwisha kuamua kinyume chake. Ukifunga bomba, maji hukoma. Ukifunga barabara, magari husimama. Njia iliyo wazi ndiyo ipitikayo. Mfasiri ameandika: "Usiingize mkono ndani ya kisanduku mpaka saketi iwe wazi." Tuliwasomea sentensi hiyo mafundi kadhaa wa Kanyenye, tukawauliza wangefanya nini. Waliosoma fizikia walisema wangezima swichi kuu. Wengine, ambao ufundi wao waliupata kwa kufuatana na fundi mkubwa, walisema wangeiwasha.

Hakuna kamati ya istilahi inayoweza kuridhika na jibu la pili. Ni kweli kwamba neno la fizikia ni sahihi katika mfumo wake, nasi hatupendekezi walimu waliache. Twasema tu kwamba halifai katika maelezo yanayosomwa na mtu aliyeshika koleo. Kiandikwe: "mpaka umeme uwe umekatwa kwenye swichi kuu." Umeme hukatwa, swichi huzimwa, nyaya huungwa, maneno haya hayana uso wa pili. Kufunga kiyoyozi, kwa maana ya kukisimika, kunaweza kubaki kwa sababu ndivyo mafundi wote wasemavyo na hakumdhuru mtu, mradi kitenzi hicho kisionekane tena katika sentensi yoyote inayotaja umeme.

Katika mlango wa nyaya za kidhibiti joto, zile za volti 24, kuna "waya wa kawaida". Neno la Kiingereza lina maana ya kawaida, na pia maana ya kitu kinachoshirikiwa. Hapa ni hii ya pili, yaani waya ambao umeme wa vifaa vyote hurudi kwa njia yake. Uitwe waya wa pamoja. "Waya wa ardhini" nao umesomwa na kila tuliyemwuliza kuwa ni waya uliofukiwa. Mafundi husema ethi, na ethi litoshe.

Neno waya lenyewe lilikuja na kitu chake. Leo wingi wake ni nyaya, kama vile uzi na nyuzi, na hakuna anayelishuku. Pangaboi ni neno la Kihindi na la Kiingereza yaliyooana Kiswahilini. Tabora imejengwa juu ya njia ya misafara, na bidhaa nyingi zilifika huko zikiwa na majina yake. (Tembe ya Kwihara, yenye kuta nene za udongo, ilikuwa ikipoza wakazi wake pasipo waya hata mmoja, lakini hilo ni la wasanifu majengo.) Hatuoni, basi, kwa nini kompresa igeuzwe "kikandamizi", kana kwamba yamo humo madhambi ya mkoloni.

Limebaki jambo ambalo mfasiri hakulikosea hata neno, nalo ni la hatari. "Waya mweusi" ni tafsiri kamili. Lakini Marekani waya mweusi ndio wenye umeme, na mweupe ni nyutro. Katika nyumba zetu za zamani, zilizotandazwa nyaya kwa desturi ya Kiingereza, mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ni nyutro. Katika nyumba mpya ni kahawia na buluu. Waya wa kijani wa kidhibiti joto huamuru feni, ilhali kwetu kijani, au kijani na manjano, ni ethi. Twapendekeza kila rangi iandikwe pamoja na kazi ya waya wake, na jedwali la kulinganisha liwekwe ukurasa wa kwanza, kabla hata ya picha ya mtambo.

Gesi tumeiacha kama ilivyo, kwa kuwa "kujaza gesi" ni usemi wa mafundi wote. Ila R-22 ya zamani haikuwa ya kuwaka, na R-32 inayotumika katika viyoyozi vingi vipya huweza kushika moto. Hapo mfasiri aongeze maneno mawili, "gesi inayowaka", kila mahali inapotajwa.