Ufasaha: Dhana na Matumizi Yake katika Uhakiki wa Kiswahili

1. Utangulizi

Ni nadra kusoma mapitio ya kitabu cha Kiswahili, au tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili, pasipo kukutana na kauli kwamba mwandishi fulani "anatumia lugha kwa ufasaha". Aghalabu kauli hiyo huachwa papo hapo, bila mfano wala maelezo. Mwandishi wa makala haya hajitoi lawamani, kwani ameiandika mara nyingi pambizoni mwa kazi za wanafunzi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba neno ufasaha limebebeshwa maana mbili zisizo zake, yaani usanifu wa lugha na wepesi wa kusema. Mkanganyiko huu una athari, kwa sababu ndio huamua ni nani atakayeitwa mwandishi bora na ni nani atakayeambiwa kwamba lugha yake ina kasoro.

2. Asili ya neno

Fasaha ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake una wazo la uwazi na usafi. Waarabu walitumia kitenzi cha mzizi huo kuelezea maziwa yaliyoondokewa na povu, yakabaki maziwa yenyewe. Kiswahili kilipolikopa neno hili kilifanya jambo la kuzingatiwa. Fasaha, ambayo katika Kiarabu ni nomino, aghalabu tunaitumia kama kivumishi (msemaji fasaha), kisha tunaipachika kiambishi u- ili kuirejesha katika unomino. Kwa upande wa pili, fasihi, ambayo kwa Waarabu ni sifa ya msemaji mwenye ufasaha, tumeifanya nomino na leo ndiyo jina la taaluma yetu. Fasihi na ufasaha, basi, ni ndugu wa tumbo moja.

Wataalamu wa balagha ya Kiarabu waliweka masharti: neno fasaha liwe jepesi kutamkika, lisiwe geni mno kwa wasikilizaji, wala lisikiuke kanuni za uundaji wa maneno. Katika karne ya 11, Abd al-Qahir al-Jurjani alikwenda mbele zaidi. Alishikilia kwamba neno likiwa peke yake halina ubora wa kusifiwa. Ubora hutokana na jinsi maneno yanavyopangwa kwa mujibu wa maana inayokusudiwa. Kwa mtazamo huu, povu la maneno matamu yasiyobeba maana haliwezi kuitwa ufasaha, hata msemaji asipokwama mahali popote. Mtu wa namna hiyo ana wepesi wa ulimi, na wepesi huo ni kipawa kingine.

3. Ufasaha na usanifu

Usanifu una tarehe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Ikiwa ufasaha ni usanifu, itatulazimu tuseme kwamba Muyaka bin Haji, aliyetunga Mombasa katika karne ya 19, hakuwa fasaha. Hakuna mhakiki atakayethubutu kusema hivyo. Hata hivyo, tunapomsahihisha mwanafunzi aliyeandika ndia badala ya njia, tunakuwa tumelisema bila kujua.

Yamkini atatokea wa kuhoji: je, wanabalagha wenyewe hawakudai kanuni zifuatwe? Walidai, lakini ndia haivunji kanuni yoyote. Katika Kimvita, nj ya Kiswahili sanifu huwa nd katika maneno kama ndia, ndaa na ndoo (kwa maana ya njoo). Hiyo ni kanuni kamili, ila ni ya lahaja nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi ni Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Lugha yake ni Kimvita. Hata anwani ya shairi "Kuno Kunena" ina kuno pale ambapo Kiswahili sanifu kingetumia huku. Shairi hilo linazungumzia gharama ya kusema, na mtunzi wake alikuwa amefungwa kwa sababu ya maandishi yake. Kuigeuza lugha hiyo iwe sanifu kungekuwa kumpa mfungwa sauti isiyo yake. Kwa upande mwingine, Kezilahabi katika Kichomi (1974) alichagua kwa makusudi lugha ya kawaida na kuacha vina na mizani. Washairi hawa wawili wanatofautiana karibu katika kila jambo la umbo, lakini kila mmoja amepanga maneno yake kwa mujibu wa maana aliyoikusudia. Kipimo cha usanifu hakiwezi kutueleza hilo.

4. Hitimisho

Usanifu una nafasi yake katika vitabu vya kiada, sheria na habari, na makala haya hayaupingi. Linalopendekezwa ni kwamba mhakiki anayesifu au kukana ufasaha atoe ushahidi: ni maneno gani, yamepangwa vipi, yanamfaa msemaji gani na hadhira ipi, na yakibadilishwa ni maana gani itakayopotea. Asipoweza kujibu maswali hayo, afadhali kauli hiyo aifute. Na kwa mwanafunzi aliyeandika ndia, tumwulize kwanza ni nani anayesema katika kazi yake, ndipo tuishike kalamu nyekundu.