Mgongo Unaofundishwa kwa Kiganja

Katharina Schroth alizaliwa Ujerumani mwaka 1894, uti wake wa mgongo ukapinda tangu ujana, akavalishwa koti la chuma. Baadaye alianza kujitibu mwenyewe: alisimama mbele ya kioo, akavuta pumzi na kuielekeza kwenye mbavu zilizobonyea, akaziona zikijaa. Kuanzia 1921 aliwafundisha wengine mjini Meissen, na njia yake bado inatumika. Kioo kimebaki humo kwa sababu ya msingi. Mwili uliokwisha kuzoea kupinda humdanganya mwenyewe. Mwambie asimame wima, atasimama alivyopinda na kuapa kwamba amenyooka.

Sasa mgonjwa awe mtu mzima asiyeona. Kioo hakimsaidii, na hapo ndipo ninapouheshimu zaidi ufundi wa fiziotherapia.

Mtaalamu hodari hamgusi mtu kabla ya kusema. "Naweka kiganja nyuma, kwenye mbavu za kushoto, chini ya kwapa." Hasemi "hapa", hasemi "fanya hivi". Kiganja kinatulia bila kusukuma. "Vuta pumzi, uinue mkono wangu." Mara ya kwanza hewa hukimbilia upande iliouzoea. Mtaalamu hakemei, anasubiri, anapunguza uzito wa mkono, anarudia. Mbavu zikisogea kidogo tu, anasema papo hapo, maana akichelewa kwa pumzi moja mgonjwa hatajua ni kitendo gani kilichosifiwa.

Kisha wanabadilishana. Mgonjwa anaweka mikono yake juu ya mgongo wa mtaalamu, naye anajipinda makusudi, anajinyoosha polepole, ili tofauti ile ijulikane kwa vidole. Sijui somo lenye adabu kuliko hilo.

Ukuta nao hufundisha: bega lipi limeugusa kwanza, kiuno kimeacha nafasi gani. Mgonjwa akilala, vifuko vidogo vya mchele huwekwa chini ya sehemu zilizojitokeza, na ngozi inapokea habari ambayo jicho lingeileta. Haya mawili anaweza kuyafanya nyumbani peke yake.

Mfupa wa mtu mzima haunyooki kwa mazoezi, na mtaalamu mkweli husema hivyo siku ya kwanza. Kinachotafutwa ni maumivu kupungua, kifua kupata hewa, na misuli kuubeba mwili bila kuchoka upesi. Pinda lililozidi nyuzi 50 linaweza kuendelea hata ukubwani, kwa hiyo daktari wa mifupa naye hulifuatilia.

Halafu kuna fimbo nyeupe, ambayo wengi huisahau. Hushikwa kwa mkono mmoja kutwa nzima, na ikiwa fupi humfanya mtu ainame kwa kila hatua. Mtaalamu makini hutoka nje na mgonjwa, akamtazama anavyotembea, bega linavyopanda, kichwa kinavyotangulia. Fimbo ikiwa fupi, huomba ibadilishwe kabla hajaongeza zoezi lolote jipya.