Ratiba ndiyo mpinzani mkuu wa Muungano na Dawa

Ekipe ya Bukavu ikifungwa mara tatu mfululizo ugenini, mtaa mzima wa Kadutu huanza kutafuta mchawi. Ataanza kocha, atafuata kipa, kisha kamati. Lakini anayefuatilia safari ya OC Muungano na OC Bukavu Dawa, wapinzani wa jadi wanaogawana uwanja wa Concorde ulioko Kadutu, ataona kwamba mengi yaliamuliwa mezani, na wale wanaopanga nani acheze na nani, wapi na lini.

Tuanze na ramani. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kumfikisha mchezaji huko akiwa bado na miguu ya kuchezea. Ni ndege tu, na ndege yenyewe ulikuwa unaifuata Kavumu, yapata kilomita 30 kaskazini mwa mji. Majirani wanaofikika ni wawili: Goma kwa boti ya ziwani, na Uvira kwa kushuka mteremko wa Ngomo au kuzunguka upande wa Rwanda. Klabu ya ridhaa, yenye mfuko unaotegemea viingilio na wafadhili wachache, hapo ndipo uwezo wake unapoishia.

Waliobuni ubingwa wa taifa wa Kongo mwaka 1958 walilijua hilo. Kwa miaka mingi klabu ilicheza kwanza mjini kwake, ikapanda kwenye ligi ya mkoa, na mabingwa wa mikoa ndio waliokutana kugombea taji la nchi. Brazil, nchi nyingine ya masafa marefu, ilianza Taça Brasil mwaka 1959 kwa kukutanisha mabingwa wa majimbo, na ligi ya taifa ilisubiri hadi 1971. Faida ya mpango huo ni rahisi kuiona: sehemu kubwa ya msimu mchezaji anatoka mtaa wa Bagira au Ibanda, anacheza Kadutu, jioni anarudi kwao. Gharama kubwa huja mwishoni, tena kwa aliyeshinda peke yake.

Mlango wenyewe, hata hivyo, ulikuwa mwembamba. Hadi 1988 Kivu ilikuwa mkoa mmoja, na Bukavu ndiyo makao yake makuu. Mwaka huo serikali iliugawa mara tatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Leo kila jimbo kati ya hayo lina ligi yake ya mpira, na ekipe ya Bukavu haihitaji tena kuzipita za Goma na Kindu ndipo itwae ubingwa wa nyumbani.

Kisha vita vikaupima mfumo. Kati ya 1998 na 2003 Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD, na Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa mstari wa mapigano. Nchi ikikatika hivyo, ligi inayotegemea ndege ya Kinshasa hufa papo hapo. Ile inayotegemea miguu ya watu wa mtaani inaweza kuendelea.

Katika misimu kadhaa ya miaka ya 2010, Linafoot, ligi kuu ya taifa, iligawanywa kwa kanda: Magharibi, Kati-Kusini na Mashariki. Walioongoza kila kanda walikutana kwenye mchujo. Huu ulikuwa mpango wa zamani uliopanuliwa kidogo, na kwa klabu za Bukavu ulikuwa nafuu kubwa. Ziliitwa klabu za ligi ya taifa huku safari nyingi zikibaki mashariki.

Msimu wa 2018-19 ligi ikawa kapu moja la timu 16, na TP Mazembe ikatwaa ubingwa. Kiufundi ni haki zaidi, kwa kuwa kila timu hukutana na kila timu. Lakini piga hesabu ya ekipe ya Bukavu. Mechi 30, nusu yake ugenini. Ondoa dabi ya mjini, ondoa Goma, bado safari za ndege zinazidi kumi. Msafara wa watu 25, kwenda na kurudi, kwa safari kumi tu ni tiketi 500, kabla ya hoteli na chakula. Mazembe, iliyo chini ya Moïse Katumbi tangu 1997, iliwahi kumiliki hata ndege yake. Katika hali hiyo mashindano ya miguu hugeuka mashindano ya mifuko.

Wapo watakaoitaja Maniema Union ya Kindu, iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2024-25. Ni kweli, mashariki inaweza. Ila mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa, mbali na watu wake. Ilipata daraja, ikakosa uwanja.

Msimu wa 2023-24 ligi ilirudi kwenye makundi mawili kabla ya mchujo. Ulikuwa mwelekeo mzuri, ila kundi linaloziweka pamoja timu za Kivu na za Kinshasa linaacha ugonjwa pale pale. Februari 2025 kundi la waasi la M23 liliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wenyewe, na ratiba iliyojengwa juu ya ndege ikakosa pa kusimama.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana kwa kuwa imeshatumika. Hatua ya kwanza ichezwe kanda kwa kanda, na mechi za mbali zikusanywe katika mji mmoja kwa wiki mbili tatu, ili ekipe isafiri mara moja na kucheza mara nne. Fedha itakayookolewa ilipe mishahara ya wachezaji, ambao ndio wa kwanza kukosa chao pesa ya tiketi inapomaliza mfuko. Bila hivyo, Bukavu itaendelea kubadilisha makocha kila msimu huku hasara ikibaki kwenye kalenda.