Heko, Wauguzi wa Kichwa Kikubwa na Mgongo Wazi

Daktari bingwa akishapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi ya mtoto mwenye kichwa kikubwa, kutoka kwenye ubongo hadi tumboni ili maji yaliyozidi yapate njia, kazi yake kubwa imekwisha. Ya mama ndiyo kwanza inaanza, na anayemwandaa ni muuguzi.

Katika hospitali zinazotibu watoto hawa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, mama huelekezwa kupapasa utosi. Akikuta umevimba na kukaza, mtoto anatapika, macho yameelemea chini, asingoje kuche: huenda mpira umeziba. Mama wa mtoto mwenye mgongo wazi hufundishwa pia kumtoa mkojo kwa katheta, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kila baada ya saa 3 hadi 4, mkojo usije ukarudi nyuma ukaharibu figo. Tena akague nyayo kila jioni, kwani mtoto asiyehisi miguu huungua bila kulia.

Ujuzi huo haupigiwi picha magazetini, lakini ndio unaomvusha mtoto hadi darasa la kwanza. Wauguzi, hongereni. Nanyi wakuu wa hospitali, waongezeeni wenzao.